Pipa Namba Tisa la Gust Heremans

Jumamosi ya pili ya mwezi wa Mei, Godelieve Heremans alijifunga skafu yake ya kijani mbele ya kioo, akajitazama, kisha akaifungua na kuiacha kitini. Aliona inang'aa mno kwa mtu anayekwenda kuaga. Alikuwa na umri wa miaka sitini na minane. Thelathini na sita kati ya hiyo aliitumia nyuma ya dirisha la kuuzia tiketi katika stesheni moja ya Brussels, na alipostaafu alirejea Wolsbeke, kijiji alichozaliwa, akapanga nyumba ndogo ubavuni mwa kanisa. Watu wote pale walimwita Lieve.

Kilichomtoa nyumbani asubuhi ile ni karatasi iliyosukumwa chini ya mlango wake siku tisa kabla. Kiwanda cha bia cha Kestens kilikuwa kinafungua milango kwa wageni, kama kila mwaka. Watazungushwa, wataonja, na mwisho wataoneshwa pipa namba tisa, la mwisho kati ya mapipa ya marehemu Gust Heremans. Bia iliyomo ilikuwa inaugua tangu kiangazi kilichopita na haikupona. Jumatatu ingemwagwa, na pipa lingekatwa katikati likawa vyungu viwili vya maua. Mwenye kutaka nusu yake aandike jina langoni.

Gust alikuwa baba yake Lieve.

Langoni matarumbeta ya kijiji yalikuwa yameshaanza, na farasi wawili wenye manyoya mazito miguuni walisimama wamefungwa kwenye mkokoteni uliopambwa maua ya hopsi, yale ya kutilia bia uchungu, yaliyokaushwa mwaka uliotangulia. Uani, wanawake wa parokia walikuwa wakipaka jibini nyeupe kwenye vipande vya mkate na kupanga juu yake figili zilizokatwa nyembamba. Katikati ya msongamano huo alisimama jirani yake, Simonne, mjane mwenye mapaja mazito na ulimi mwepesi.

"Shoga, nimeshaandika jina," Simonne alisema kabla hata ya salamu. "Nusu ya pipa la baba yako ninapanda jeranio. Usininunie. Afadhali nichukue mimi kuliko yule wa gereji, atalijaza mafuta machafu."

"Sijanuna."

"Uso wako una habari nyingine."

"Uso wangu una miaka sitini na minane, Simonne. Twende."

Wannes Kestens ndiye aliyewazungusha wageni. Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini hivi, aproni ya ngozi hadi magotini, na sauti ya mnadi wa ng'ombe. Aliwaonesha birika kubwa la kuchemshia ngano na kimea cha shayiri, akawapandisha ngazi nyembamba hadi chini ya paa, ambako beseni la shaba lilikuwa limelala, pana kama sakafu ya chumba na kina chake hakifiki goti.

"Majira ya baridi, jioni, tunayamwaga hapa maji ya kimea yakiwa bado yanatoa mvuke," alisema. "Tunafungua yale madirisha ya mbao. Halafu tunaenda zetu kulala. Chachu inakuja yenyewe, inatoka huko nje kwenye miti ya cheri. Sisi hatumwiti mtu."

"Na huo utando wa buibui juu?" aliuliza bibi mmoja aliyevaa miwani ya jua.

"Wafanyakazi wangu hao, mama. Wanakamata wadudu wasiingie kwenye bia. Hawaugui, hawaombi likizo."

"Ee Mungu wangu!" Simonne alipaza sauti. "Marehemu mume wangu alinisema miaka thelathini kwa utando mmoja wa jikoni. Kumbe nilikuwa fundi wa bia!"

Watu walicheka. Lieve naye alitabasamu, lakini alikuwa ameshapotea. Chini ya paa lile palikuwa na harufu aliyoijua kabla ya kujua kusoma: mbao zilizokunywa bia miaka mingi, vumbi la ngano, unyevu, na kitu chachu kama tufaha zilizosahauliwa kabatini. Baba yake hakuwa mchemshaji. Alinunua bia changa kwa wachemshaji wa bondeni, akaitia katika mapipa yake, akaiacha mwaka, miwili, hata mitatu, kisha akachanganya nzee na changa mpaka zipatane, akaitia chupani. Kazi yake hasa ilikuwa kungoja, na aliifanya kwa bidii kama wengine wafanyavyo kazi ya kulima.

Lieve alipokuwa na miaka saba, Gust alimsimamisha mbele ya pipa, akamfunika macho kwa kiganja kilichonuka chokaa na kizibo, akamtilia tone la bia ulimini kwa kijiko cha mbao.

"Unasikia nini, binti?"

"Chungu."

"Chini ya chungu?"

"Ganda la tufaha."

"Basi hiyo iko hai. Siku ukisikia siki tupu, hiyo imekufa. Lakini funga macho kwanza. Macho yana pupa, yanahukumu kabla shahidi hajasema."

Jumamosi zile mama yake alikuwa akioka mikate ya wiki nzima, na ukuta uliotenganisha tanuri na ghala la mapipa ulipata moto hata paka walikuwa wakilala kando yake. Lieve alipapenda pale. Aliegemeza mgongo ukutani, akamsikiliza baba akibisha mapipa kwa kifundo cha kidole, na kutokana na mlio akajua lipi limejaa na lipi limepungua. Jumapili baba alipanda darini kungoja njiwa wake wa mashindano, na hata huko alikuwa ni yule yule, mtu wa kungoja.

"Sasa tushuke ghalani," Wannes alisema. "Angalieni vichwa. Boriti zile zimenyooka kuliko mimi, haziinamii mtu."

Ghalani palikuwa baridi. Mapipa yalilala kwa safu, yameandikwa kwa chokaa. Mwisho kabisa, kwenye ukuta wa kaskazini unaotoka jasho mwaka mzima, lilikuwapo pipa namba tisa. Lieve alilitambua kwa namba iliyopakwa rangi nyekundu, tisa yenye mkia uliopinda kushoto, kwa sababu baba yake alishika brashi kwa mkono wa kushoto. Chini ya namba mtu alikuwa ameandika kwa chokaa: *Jumatatu*.

Kando yake, juu ya kiti cha jikoni, alikaa Fons. Alikuwa na miaka themanini na sita, na mwaka wa sabini na nane ndiye aliyeyabeba mapipa ya Gust kwa mkokoteni wake kuyaleta hapa, siku Gust alipomwuzia baba yake Wannes. Kila mwaka alialikwa asimulie, na kila mwaka hadithi iliongezeka chumvi.

"Ninyi vijana hamkijui kiangazi cha sabini na sita," Fons alianza, akiwatazama watu wazima wenye mvi kama watoto wa shule. "Joto lile lilikausha hadi kisima cha padri. Bia ya Gust ikaugua. Ikafanya ute, ikawa inavutika kama yai bichi. Sasa, kila mtu bondeni anajua, bia ikiugua unaiacha. Unafunga mlango, unakwenda zako, inapona yenyewe. Gust akafanya nini? Akamwaga mapipa manne mtaroni! Mabata wa padri walilewa siku tatu, mmoja akaenda kulala katikati ya barabara ya Ninove."

Kicheko kilijaa ghalani.

"Ulimi ulikuwa umeshamfia," Fons aliendelea, akigonga kiti kwa bakora. "Fundi wa bia asiye na ulimi ni sawa na padri asiye na imani, anavaa kanzu tu. Baada ya hapo nani angenunua kwake? Miaka miwili, kwisha. Mtu mzuri, lakini alijimaliza mwenyewe."

Lieve alisimama nyuma ya bibi mwenye miwani ya jua, mikono mifukoni. Hadithi ile aliijua tangu ujana wake. Aliwahi kuisikia mkahawani, kwenye misiba, na mara moja hata ndani ya treni kutoka kwa mtu asiyemjua. Na kila aliposikia, alinyamaza.

Kwani mapipa yale hakuyamwaga Gust.

Agosti ya mwaka ule kidole tumbo cha baba kilipasuka, akalazwa wiki tatu hospitalini. Mama alishinda huko kila siku. Lieve, mwenye miaka kumi na tisa na mwenye haraka ya kila kitu, aliachiwa ghala lenye mapipa matano yaliyojaa. Asubuhi moja alichomoa msumari mdogo ulioziba tundu la kuonjea, na kilichotoka hakikuruka kama bia bali kilining'inia kama mlenda kwenye mwiko. Alitazama pipa la pili, la tatu, yote yale yale. Alikuwa amesikia wazee wakitaja ugonjwa wa bia, lakini hakuna aliyemwambia kuwa unatisha macho namna ile, na kwa hofu akasahau kwamba hupona. Alifikiri kuwa mali ya baba imeoza mikononi mwake, na kwamba wateja wakiiona wataikimbia nyumba yao. Akatafuta ndoo. Akamwaga toka saa mbili hadi adhuhuri. Namba tisa, lililokuwa kwenye ukuta wa tanuri, lilisalimika kwa sababu bilula yake ya mti ilikuwa imevimba na kukwama. Alikwenda kutafuta nyundo, mama akarudi, siku ikapita.

Baba aliporudi, suruali ikimpwaya, aliyapita mapipa akiyabisha moja moja. Manne yaliitika kwa mlio wa ngoma. Akamgeukia.

"Ulionja?"

"Sikuonja, baba."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayejibiwa swali alilokuwa akijua jibu lake. Jioni ile alikwenda mkahawani, akawaambia watu kuwa ni yeye aliyeagiza bia imwagwe, akiwa kitandani, na kwamba alikosea. Hakuongeza neno, si kwao, si kwa mwanawe. Januari iliyofuata Lieve akapata kazi stesheni akahamia mjini. Hakuingia tena ghalani mwa baba yake, na Gust alipofariki mwaka wa themanini na nne, mapipa yalikwisha ondoka zamani na hakukuwa na la kuuliza wala wa kuulizwa.

"Haya, wa kuonja ni nani?" Wannes aliita. "Nawatahadharisha, haipendezi kuitazama. Ikipatikana roho moja jasiri inatosha."

Alichomoa msumari. Uzi wa bia ulishuka taratibu, ukaning'inia kwenye mdomo wa glasi, ukakataa kukatika. Bibi mwenye miwani akageuza uso. Mtu mmoja akasema, "Bwana, hiyo ni mafua."

"Nipe mimi," Lieve alisema.

Simonne alimshika kiwiko. "Shoga, una wazimu? Utaharisha mbele ya kijiji kizima."

Lieve aliipokea glasi. Akafumba macho. Ute ulipita ulimini kama kitu kisicho chake, na kwa pumzi mbili hakusikia ila ute. Alingoja. Kisha, kutoka chini, kama mtu anayepanda ngazi polepole, vikaja vitu kimoja kimoja: majani makavu ya zizini, ndimu, na mwisho kabisa, jembamba lakini safi, ganda la tufaha. Siki haikuwamo.

Akafumbua macho. Wannes alikuwa anamtazama.

"Usiimwage," Lieve alimwambia.

"Mama, nimeingoja tangu Juni ya mwaka jana. Mapipa mengine yakiugua, kabla ya Krismasi yamepona. Hili limekataa. Ute huu ukihamia kwa majirani zake nimekwisha mimi."

"Umeliweka penye baridi. Kwetu lilikaa kwenye ukuta wa tanuri. Hili ni zito la kupona, mbao zake nene. Linahitaji kiangazi cha pili, na joto mgongoni."

"Hee!" Fons aliingilia. "Sasa binti wa Gust anatufundisha kutunza bia! Baba yako angeyajua hayo, si angeyaacha yale manne?"

Vicheko vikaanza tena, vidogo, vya watu wasiotaka kumwudhi. Wannes alishaanza kuurudisha msumari tunduni, kwa upole, kama mtu anayefunga mazungumzo. Lieve aliona wazi kilichokuwa mbele yake. Akinyamaza, Jumatatu msumeno utapita katikati ya namba ile iliyopinda mkia, na hadithi ya Fons itabaki ndiyo kaburi la baba yake. Akisema, itambidi aeleze amejuaje.

"Fons," alisema, na sauti yake ikatoka kama ile ya dirisha la tiketi, tambarare, ya kusikika hadi mwisho wa foleni. "Baba hakumwaga hata tone. Alikuwa kitandani na bomba puani. Niliyemwaga ni mimi. Niliona ute nikashikwa na hofu, na sikuonja. Aliporudi akajitwisha yeye, na mimi nikamwacha aubebe mzigo huo hadi alipokufa. Mabata uliowacheka ni wangu."

Uani matarumbeta yalikuwa yakipiga wimbo wa harusi.

Fons aliiegemeza bakora kitini. Aliivua kofia yake, akaiweka gotini. "Miaka minane nilikaa naye meza moja," alisema mwishowe. "Tukimcheka usoni. Hakusema hata siku moja."

"Hakuwa msemaji."

Wannes alikuwa bado ameshika msumari. "Mama Lieve, nakuamini kuhusu baba yako. Lakini kiangazi cha pili... hilo umelijuaje, kama ulikuwa umeshahama?"

Maneno yale Lieve aliyasikia utotoni, baba akiwaambia wateja, na maneno ya utotoni ni mepesi mbele ya mtu mwenye ghala lililojaa. Akapiga magoti, polepole kwa ajili ya magoti yenyewe, akapitisha kiganja chini ya tumbo la pipa, upande wa mbele, mahali mwanga usipofika.

"Kuna chale hapa," alisema.

"Ah, hizo. Baba alisema ni watoto wa jirani waliokuwa wakijaribu visu vyao."

"Lete taa."

Wannes aliwasha taa ya simu yake, akachutama kando yake. Chale zilikuwa zimekatwa mbili mbili, kila jozi imeachana na mwenzake upana wa kidole. Lieve akakumbuka kisu kidogo cha kufungulia njiwa pete, na baba amechuchumaa vile vile.

"Alikata ya kwanza bia ilipougua. Ya pili siku ilipopona. Hakukata kwenye mapipa mengine, yale hayakumpa shida. Tazama, kando ya kila chale amekwaruza mwaka."

Wannes alisoma kwa sauti, akifuta ukungu kwa kidole gumba. "Hamsini na tisa, sitini. Sitini na saba, sitini na nane. Sabini na tatu, sabini na nne..." Akarudi kwenye jozi ya kwanza. "Kila mara mwaka unaofuata. Kila mara."

Lieve hakuwa akimsikiliza tena. Kidole chake kilikuwa kimefika kwenye jozi ya mwisho, na alikuwa anaogopa kuisogezea taa. Sabini na sita aliitarajia. Kando yake, imekatwa kwa mkono ule ule wa kushoto, safi, bila kutetemeka, ilikuwapo sabini na saba.

Basi ilipona. Kiangazi kile ambacho yeye alikuwa akiwauzia watu tiketi za kwenda baharini, baba yake alikuwa amepiga magoti mbele ya pipa hili hili, peke yake, akijua sasa kwa hakika kuwa yale manne pia yangepona. Akaikata chale yake, akarudisha kisu mfukoni. Barua zake zote za mwaka ule Lieve alikuwa nazo bado. Zilihusu njiwa, mvua, na kama mjini anakula vizuri.

Alikaa pale chini muda mrefu kuliko magoti yake yalivyopenda. Simonne alimshika chini ya kwapa akamsimamisha.

Wannes alibisha pipa kwa kifundo cha kidole, mara mbili, akasikiliza. Kisha akafuta neno *Jumatatu* kwa mkono wa shati lake, likabaki doa jeupe.

"Nyuma ya birika kuna ukuta wenye joto," alisema. "Nitalisogeza taratibu, kwa magurudumu, lisitikisike. Linapata kiangazi hiki. Likinitia hasara, mama, nitakuja kula kwako mwaka mzima."

"Napika vibaya."

"Anapika vibaya sana," Simonne alithibitisha. "Na jeranio zangu je? Nimeandika jina!"

"Panda kwenye ndoo," Fons alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Lieve anazo ndoo."

Lilikuwa ni neno la kuthubutu, na kwa kitambo hakuna aliyejua lingeangukia wapi. Lieve ndiye aliyecheka wa kwanza.

Wannes alitoa kisu mfukoni mwa aproni, akakifungua, akamwelekezea mpini. Lieve alipiga magoti tena. Mbao ilikuwa ngumu kuliko alivyodhani na mkono wake ulikuwa wa kulia, hivyo chale ilitoka imeinama upande usio wa kawaida, kando ya nyingine zote. Akaikwaruzia mwaka uliopita, ambao bia iliugua. Kisha akaweka kidole chake kando yake, kupima nafasi, akahakikisha kuwa mbao ya kutosha imebaki kwa ile ya pili.